Namba Moja ya Shemeji Yuditha

Shedrack, natelemka kwa miguu kwenda Himo, begi mgongoni. Sikuaga mtu. Usinipigie, nitashindwa kuongea.

Ile kamera ya mazishi ya shemeji Yuditha, niliyojigamba kwako kwamba naishika mimi? Binti yake Margareta yuko Kanada, hakupata ruhusa ya kusafiri, alikuwa anamzika mama yake kupitia hiyo. Nimeiharibu mimi.

Na ilikuwa inafanya kazi vizuri! Nikaingia kwa simu kwenye mipangilio yake ya mtandao, nikakuta namba yake inaishia na 105. Nikaona si heshima. Kamera inayomtazama mwenye kihamba, shamba letu la ukoo, iwe ya mia na tano? Nikaipa 1.

Moja, Shedrack. Jeneza linashuka, picha ikakatika, intaneti ya nyumba nzima ikafa.

Yohana, kaka yake Margareta, akaniuliza, "Baba mdogo, umegusa nini?"

Nikamwambia sijagusa kitu. Kwenye kaburi la mama yake, nikamwambia sijagusa kitu!

Hellen, binti wa Yohana, akachukua simu yangu, akaangalia, akasema kwa sauti: "Babu, moja ni ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Umeipa kamera namba ya ruta." Waombolezaji wote wakanigeukia.

Picha iliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, maua juu.

Basi. Hellen ameirudishia 105. Yohana nimemwacha anawagawia wageni ndizi na nyama. Margareta aliona maua tu. Amenitumia asante, anadhani mimi ndiye niliyerudisha picha. Sijamjibu.