Jina Lako kwa Penseli

Magindu,
Jumatatu.

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaikum. Marahaba, maana najua huko Msimbu umeshaniamkia moyoni. Kifua kimepoa? Maji ya moto unakunywa? Mimi mzima, goti tu. Mbuzi wako kazaa mapacha.

Jumamosi shangazi yako Sada wa Sofu alinipeleka kwenye vile viwanja vya zamani vya maonyesho, pale Kibaha. Najua ukisikia jina lake unanuna, lakini soma kwanza. Mwanangu, huwezi kupatambua! Pale tulipokuwa tukishindanisha mbuzi sasa pana ukumbi wa ngoma na maigizo, sakafu inang'aa mpaka nikavua ndala mlangoni. Mlinzi akacheka, akaniambia mama vaa, hapa si msikitini. Banda la ng'ombe sasa ndilo chumba cha kufundishia ngoma. Nje watoto wanabembea, wazee wamewekewa viti vya kuegemea. Nilisema mashaallah mpaka Sada akaniomba nimwachie na yeye aseme.

Wakatoka wanawake kucheza, watu wazima, wengine wana wajukuu. Ah, walivyokata kiuno! Machozi yakanitoka. Nikamwambia Sada ni vumbi, na pale vumbi halipo hata chembe. Sada akanitazama, akasema mwambie mtoto, miaka ishirini nimekubebea lawama.

Basi nakwambia. Kwa simu ningekata kabla sijasema. Ule mwaka kikundi cha ngoma kilipokuja kwenye maonyesho kuchagua wachezaji, uliwekwa ndani mwali siku mbili kabla. Nilikwambia shangazi ndiye kapanga siku. Si kweli. Yeye alitaka tungoje mavuno. Mimi ndiye niliyeharakisha, kwa kuwa mwali hatoki, na niliogopa wakikuchagua hutarudi kwangu. Ulilia chini ya kanga, nami nikawaambia watu mwali analia kwa adabu. Ukamnunia shangazi yako mpaka leo, mimi kimya. Nisamehe, mwanangu.

Wanaandikisha wachezaji wapya. Nimewatajia umri wako, wakasema huyo bado msichana. Nikakuandikisha. Halafu nikaogopa tena, nikamwomba yule dada anayeandikisha aandike jina lako kwa penseli. Njoo ulikoleze kwa wino, au ulifute mwenyewe. Safari hii mimi mkono wangu nimeutoa.

Barua anakuletea Omary, mpe chai. Nisalimie mumeo na watoto. Ukipita Sofu, mwamkie shangazi yako kabla yangu.

Mama yako,
Swaumu