Ng'ombe wa Pembe Iliyopinda

Mjukuu wangu Tumaini,

Pokea salamu za Nanyala. Sisi tu wazima. Babu yako yuko shambani anachuma kahawa, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama uwachoree wanafunzi wako lori ubaoni, ili wafinyange la udongo linalofanana nalo. Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu alituambia tufinyange ng'ombe, wala hakutuchorea. Mimi nilimfinyanga wa kwetu, mwenye pembe moja iliyopinda hadi jichoni. Wenzangu walicheka, wakaniambia niinyooshe. Nikakataa.

Siku ya wazazi alikuja baba yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Alizipita kazi zetu mezani, akasimama mbele ya yangu, akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, ng'ombe wangu amefikaje hapa?"

Basi acha ubao mtupu, mjukuu wangu. Watoto wa huko kwako Tunduma wamekulia kwenye foleni ya malori ya mpakani. Kila mmoja afinyange lori analolijua yeye, kisha waite baba zao waje kuyatambua.

Bibi yako wa Nanyala