Mgeni Aliyebisha Hodi Kabla ya Wakati

Chumba cha juu kabisa,
Nyumba ya nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na ukizipokea uwe umekaa. Hujambo mdogo wangu? Miguu yako haijambo? Naanza na miguu kwa sababu najua msusi huisimamia tangu anafungua mlango mpaka anafagia nywele za mwisho. Kichefuchefu kimepungua? Na shemeji yangu, bado anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai tangu ulipompa habari?

Sisi huku ni wazima kabisa. Hata aliye mdogo kuliko wote ni mzima, anakoroma hapa ubavuni mwangu kama mzee aliyeshiba.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia nimekaa, kisha nikamsomea mama kwa sauti. Tulipofika pale uliposema una mimba, mama alipiga kelele za furaha mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mama naye akaigonga sakafu kwa kisigino, akamjibu: "Gonga tu! Na wewe utaalikwa!"

Umeniuliza kama uache kazi. Mteja mmoja amekuambia kusimama kutwa kunamleta mtoto kabla ya siku zake, mwingine amekuambia ukikaa sana utazaa mvivu. Sitakujibu kwa neno moja. Nitakusimulia yaliyonipata, maana kwenye simu nilikuficha mengi, sikutaka ukose usingizi huko uliko.

Kazi yangu unaijua. Hoteli ni kubwa, vitanda havihesabiki, na shuka zote zinateremshwa kwetu chini, kwenye chumba cha kufulia. Sisi wanawake tunazitoa kwenye mashine zikiwa zimeloa, tunazitia kwenye matenga, tunayabeba hadi kwenye mashine ya kukaushia, kisha kwenye pasi kubwa ya mvuke. Shuka kavu ni kitambaa. Shuka iliyoloa ni mtu mzima aliyekataa kutembea.

Nilipopata mimba, vita vilianzia hapa nyumbani. Mume wangu, huyo shemeji yako, alinipokonya kila kitu mkononi. Ndoo akaificha, ufagio akauficha, hata birika la chai akawa ananibebea. Na kwa kuwa ni seremala, akatengeneza vibenchi akaviweka kwenye kila kona ya ngazi ili nipumzike nikipanda. Majirani walifurahi sana. Ikawa kila nikipanda nakuta vibenchi vyote vimeshakaliwa na watu wasio na mimba.

Mama alipokuja kukaa nasi akaona mambo hayo, alishika kiuno. "Mimba si yai," akamwambia mkwewe. "Huyu mkeo mimi nilimbeba tumboni huku nabeba matofali kichwani, na alitoka analia mtaa mzima ukasikia."

Shemeji yako, ambaye unajua anavyomheshimu mkwewe, akainama kidogo akasema, "Ni kweli mama. Mimba si yai. Lakini si gunia pia."

Wiki nzima waliongea kupitia kwangu. "Mwambie mama chai iko tayari." "Mwambie mumeo nimeiona."

Mwishowe niliwachukua wote wawili nikaenda nao kliniki. Mkunga wetu ni mama mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Wakakaa mbele yake kila mmoja akisubiri ushindi wake. Mkunga akanipima, akaniuliza kazi yangu hatua kwa hatua, nainua nini, nasimama muda gani, kama nina zamu za usiku. Kisha akasema, "Mama ana haki. Kutembea, kufagia, kazi nyepesi, havina ubaya kwa mimba isiyo na matatizo. Na kulala kitandani mchana kutwa hakumzuii mtoto kuja mapema."

Mama akamtazama mkwewe kama shabiki ambaye timu yake imefunga bao.

"Na baba naye ana haki," mkunga akaendelea. "Kuinua vitu vizito siku nzima, kusimama saa nyingi bila kukaa, kukesha kazini, hayo yanaweza kuongeza hatari ya kuzaa mtoto njiti. Yanaongeza kidogo tu. Si kila anayebeba mzigo atazaa kabla ya siku, wala anayekaa hajaahidiwa kuzifikia. Lakini kinachoweza kupunguzwa, kipunguzeni."

Akanieleza pia dalili za hatari, na nakuandikia uzishike: tumbo likikaza na kuachia, likarudia tena na tena, kiuno kikiuma kwa kuja na kuondoka, maji yakitoka, au damu. Ukiona moja tu, usingoje kesho.

Kwa hiyo nilimwendea msimamizi wetu, yule tunayemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, nikamwomba anihamishie kwenye meza ya kukunjia shuka kavu. Akaniambia, "Mimba si ugonjwa. Ngoja wageni wapungue, tutaona."

Wageni hawakupungua, waliongezeka. Hoteli ikapokea mkutano, wenzetu wawili wakawa wanaumwa, na sisi tuliobaki tukawa tunakimbia kati ya mashine na pasi. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Siku hiyo sikukumbuka hata kunywa maji. Mchana tumbo likakaza kama ngoma, likaachia. Nikasema ni gesi. Likakaza tena. Nikalishikilia tenga nikisubiri lipite.

Mwenzangu mmoja wa kwenye pasi, tunayemwita Mama Mvuke, akaniona. Akazima pasi yake. Mdogo wangu, tangu nifanye kazi pale sijawahi kuona ile pasi imezimwa mchana. "Weka tenga chini," akasema. "Gesi haimfanyi mtu aume midomo." Yeye mwenyewe akanipeleka hospitali, na aproni yake mwilini, na mkono wangu ameushika kama wa mtoto anayevuka barabara.

Daktari alisema uchungu umeanza kabla ya wakati wake. Nikapewa dawa ya kuutuliza, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ikiwa angeng'ang'ania kutoka. Nikalazwa. Sikulia mpaka shemeji yako alipoingia na vumbi la mbao kichwani, akakaa chini sakafuni kwa kuwa kiti hakikuwepo, akaweka kichwa chake ukingoni mwa kitanda, akasema na tumbo langu: "Bado. Tafadhali, bado. Kitanda chako sijakimaliza." Hapo ndipo nililia, na kucheka pia, maana kitanda hicho hata mbao zake alikuwa hajazinunua.

Kesho yake uchungu ukapungua. Jioni ukakoma.

Sasa kuna jambo ambalo mama ameniagiza nikuandikie, kwa sababu yeye kwenye simu hawezi.

Siku hiyo alikuwa amekaa na mimi wodini. Mlangoni akapita mwanamke anatembea polepole, amemfunga kichanga njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa chake kidogo kama limau kimevishwa kofia. Mama akamwita. "Huyo... anaishi?" Yule mwanamke akacheka. "Anaishi, mama. Ana mwezi sasa, na ananyonya kuliko ukubwa wake."

Mama akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha akasema, "Kati yako na mdogo wako alikuwepo mwingine."

Alikuwa wa kiume. Alikuja miezi sita na kidogo, wakati mama bado anabeba matofali, yale yale aliyokuwa akijisifia siku zote. Alilia mara moja, hakurudia. Baba alitaka mama apumzike siku chache, lakini kibarua anayepumzika hukuta nafasi yake ina mtu. Basi akarudi kazini, na tangu hapo akawa anasimulia habari za mimba yangu tu, ile iliyokwenda salama. Nadhani aliisimulia kwa sauti kubwa ili asiisikie ile nyingine.

Mkunga alipopita kunijulia hali, mama akamuuliza moja kwa moja, "Ni yale matofali?"

Mkunga alivua miwani. "Mama, hilo hakuna awezaye kukuambia. Ulibeba ukamzaa huyu salama. Wapo waliolala kitandani wakajifungua mapema. Hebu niambie, kama siku zile ungekuwa na chaguo, ungebeba?"

"Nisingebeba hata moja."

"Basi usijibebeshe na hili."

Mama alilia, mdogo wangu, kilio cha miaka mingi. Alipomaliza akapenga kamasi, akauliza kama hospitali hii huwa inatoa chai au inaisikia tu. Nikajua amepona kidogo.

Turudi kwenye furaha. Niliporudi kazini na cheti cha daktari, Kengele alikitazama kwa mbali. "Hapa kila mtu ana cheti," akasema. Mama Mvuke akaiacha pasi. Alilichukua tenga la shuka zilizoloa, akamwekea mikononi. Kengele alitembea hatua mbili kama ndama aliyezaliwa leo, akakaa chini, na shuka moja ikamfunika kichwa. Halafu tukasikia mle ndani ya shuka anacheka.

Asubuhi iliyofuata alikuja amebeba kiti kirefu cha baa ya hoteli, akakiweka mbele ya meza ya kukunjia. Na akatangaza, kwa sauti yake ile, kwamba kuanzia siku hiyo tenga lililoloa litabebwa na watu wawili, iwe kuna mwenye mimba au hakuna. Mama Mvuke anasema mgongo wake umeacha kumuamsha usiku.

Basi tukakaa kumsubiri mgeni. Alikuwa amebisha hodi mapema, sasa tukafungua mlango, na yeye akakataa kuingia! Mwezi wa tisa ukaisha, siku aliyoitaja mkunga ikapita. Mama akasema, "Mmembembeleza mno, amepapenda." Shemeji yako, ambaye miezi yote hiyo alikuwa ananizuia hata kuinua kijiko, akaanza kuniambia, "Mke wangu, hutaki kutembea kidogo? Ngazi hizi si mbaya." Nikafagia chumba kizima yeye ananitazama kwa matumaini.

Alikuja siku aliyotaka mwenyewe, mchana kweupe, wa kike, mashavu hata shingo haionekani. Mkunga alipompima alicheka peke yake. "Huyu amekuja na mizigo yake yote," akasema. Shemeji yako alipopewa amshike, mtu anayebeba mbao nzito za mninga begani, alinyoosha mikono, akairudisha, akainyoosha tena, mpaka mama akamwambia akae kwanza.

Haya, jibu lako ni hili. Usiache kazi kama unaipenda na mkunga wako hajakukataza, ila ibadilishe ikufuate wewe. Tafuta kiti kirefu, usuke umekaa. Kila ukimaliza kichwa kimoja inuka, nyoosha mgongo, tembea mpaka mlangoni, kunywa maji. Ndoo za kuoshea nywele za watu usiziguse. Usipokee kichwa cha kusuka mpaka usiku. Wateja wakinuna waache wanune, nywele hazina siku zake za kuzaliwa. Na tumbo likikaza, weka kitana chini, hata kama mteja amesukwa upande mmoja. Atakwenda nusu nusu, mtaa utacheka, na wewe utakuwa mahali panapokufaa.

Na ikitokea mtoto akaja mapema licha ya yote, usitafute la kujilaumu. Yule mwanamke wa wodini alikuwa ametunzwa vizuri tu, na mwanawe alikuja alivyotaka. Lililo muhimu ni kuwahi hospitali.

Shangazi anakusalimu, anasema jina la mtoto usimwambie mtu kabla yake. Mama Mvuke anakusalimu ingawa hajakuona. Shemeji yako anakusalimu, ameuliza urefu wa kiti unachotaka. Nisalimie sana shemeji yangu, mwambie atembee kawaida, mayai hayo hayatavunjika.

Mungu akulinde wewe na uliyembeba, akuongoze kila unapoketi na kila unapoinuka, na siku ikifika mkutane salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huna jino.

Tena: Mama amenikataza kukuambia, lakini nani amewahi kunikataza jambo nikakatazika? Mzigo wake umeshafungwa, upo mlangoni, na mwisho wa mwezi atakuwa kwako mpaka ujifungue. Nimemwambia akifika akae atulie, akumbuke umri wake na mgongo wake. Amenijibu kwamba mgongo wake hauna mimba, na kwamba safari hii ndoo atabeba yeye.