Mkono wa Mama Makaburini

Kaka Nevio,

Barua hii anakuletea mjomba Oreste, maana posta wanafungua barua. Kuku wanataga, ila mvinyo umechachuka.

Baba tulimzika Jumanne. Katibu wa chama cha Kifashisti alikuja na shati lake jeusi, akainua mkono juu kumsalimu Mama. Kupeana mikono siku hizi ni kosa. Mama akatoa wake, akauacha hewani.

“Mama, hatusalimiani hivyo tena,” Katibu akasema.

“Mimi nimefiwa. Nipe pole kama mtu.”

Katibu akawatazama wenzake, akaushusha mkono, akampa.

Leo wamemvua ukatibu, kisha wakaja kumchukua Mama. Alipotoka, majirani walikuwa wamejipanga mpaka barabarani. Wakampa mkono mmoja mmoja, askari wakisubiri.

Usirudi bado.

Dada yako,
Ersilia