Betri Mbili, Alteneta Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri kanihamishia rasmi ukurasa wa magari. Miaka ishirini na tisa ya mahakama, mafuriko na uchaguzi — sasa matairi. Kasema ni wakati nipumue kidogo. Nikamwambia sijawahi kulalamika kukosa pumzi. Akacheka peke yake.

Kazi ya kwanza: kwa nini magari yenye muziki mkubwa yanazimika barabarani. Maneno mia sita, yatoke Jumamosi.

Nyumbani saa kumi na mbili. Nimepika cha mtu mmoja, nimekula nusu. Redio inaongea tangu niingie. Sijui inasema nini.

Jumanne, 4 Machi

Gereji ya fundi umeme wa magari. Wanamwita Volti. Mfupi, miwani yake imeungwa kwa utepe mweusi wa nyaya. Hapendi waandishi: mnakuja, mnauliza, mnaandika kinyume. Nikamwambia nitamsomea kila ninachoandika. Akalegea.

Maelezo yake, kwa ufupi. Betri ni tangi. Alteneta ndiyo bomba linalolijaza, na bomba hilo linazungushwa na injini. Alteneta ya gari dogo hutoa ampea sabini, themanini — injini ikikimbia. Injini ikinguruma polepole, nusu ya hapo au pungufu. Amplifaya kubwa peke yake inameza mia. Kinachopelea kinachotwa kwenye betri. Ikiisha, taa zinafifia, gari linazima.

"Sasa wao wanaongeza betri ya pili," kasema. "Umeongeza tangi, bomba ni lile lile! Linajaza mawili bila kupumzika, mwisho linaungua."

Akanionyesha alteneta moja iliyoungua. Shaba imekuwa nyeusi, inanuka kama nywele zilizopitiwa na moto. Mwenye nayo, Volti alimfungia nyingine mwezi uliopita, saizi ile ile, maana hakutaka kubwa. Gari la kijivu, kiti cha nyuma kimeng'olewa, sabufa nne. Betri ya pili kaifunga mwenyewe, kwa waya mwembamba, bila fyuzi. "Siku betri zote mbili zikikauka, halafu wakambusti kwa umeme wa gari jingine, alteneta itasukuma kila ilicho nacho. Ule waya utashika moto. Nimemwambia. Anacheka tu. Ati ubishi karithi kwa mamake."

Niliandika neno kwa neno. Namba ya gari sikuuliza. Naijua. Ni mwanangu.

Sikumwambia Volti. Ni kosa la kikazi, naliandika hapa.

Jumatano, 5 Machi

Kwa kumbukumbu. Aprili mwaka jana niliandika habari ya gari lililopiga muziki nje ya wodi ya wazazi mpaka wauguzi wakatoka nje. Niliweka namba ya gari. Ilikuwa sahihi. Gari likashikiliwa mwezi mzima, na mwanangu akaachishwa kazi ya udereva. Alikuja hapa, akasimama pale mlangoni, akauliza swali moja: ulijua ni mimi? Nikasema ndiyo. Hajarudi. Miezi kumi na moja.

Leo nimempigia mara sita. Inaita, inakatwa.

Nikampigia mdogo wangu. Kwake mwanangu bado anakwenda kula. Nikamwomba amfikishie: waya, fyuzi, moto. Akafoka. Dada, ninyi wawili vichwa vigumu, na mimi si tarishi! Lakini akafikisha. Saa moja baadaye akaniletea jibu: kama mama ana la kusema aandike gazetini, si ndiko anakosemea?

Haya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika. Mia sita kamili. Aya mbili za mwisho ndizo za mwanangu: waya mnene, fyuzi karibu na kila betri, na gari lenye betri mbili zilizokauka lisibustiwe kabla ya kuchomoa ile ya pili na amplifaya. Hakuna jina, hakuna namba. Nimezisoma mara nne. Sijawahi kumwandikia mtu mmoja kitu kikapigwa chapa nakala elfu kumi na mbili.

Nimemsomea Volti kwenye simu. Hapo umenitendea haki, mama, kasema.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekata! Aya mbili za mwisho. Mahali pake wameweka tangazo — la spika za gari.

Mhariri hakuelewa ninachokasirikia. Mkia ndio unaokatwa siku zote, mkongwe kama wewe hujui?

Najua. Miaka yote hii nawafundisha wageni: la muhimu liwe juu. Mimi nikaliweka chini kabisa, kama mtu anayengoja wageni wote waondoke ndipo aseme kilichomleta.

Mdogo wangu anasema kesho mchana wanashindanisha muziki, uwanja wa zamani wa maonyesho. Hakusema niende. Hakusema nisiende.

Jumapili, 9 Machi

Saa tisa na dakika kumi. Naandika nikiwa garini, uwanjani.

Magari thelathini na moja. Watu kama mia mbili, na ninayemjua ni mmoja. Kila gari linapewa nyimbo mbili, bwana mmoja anapima sauti kwa mita. Wana utaratibu wao: injini inapunguzwa mwendo mpaka isikike kwa shida, ati mngurumo usiharibu muziki. Yaani pale muziki unapokula zaidi, ndipo alteneta inapotoa kidogo. Nimehesabu magari manne yaliyozimika. Kila moja likazomewa, likabustiwa, basi.

Zamu ya mwanangu. Kakonda. Kila besi ilipopiga, taa zake zilififia. Vioo vyangu vilitetemeka ingawa nimefunga. Wimbo wa pili taa zikawa njano, halafu kimya. Wakamzomea: "Mzee wa betri mbili! Tukuletee mshumaa?" "Hilo si gari, ni jeneza, sukumeni!"

Akaanza kuzunguka akiuliza waya za kubusti. Alilitambua gari langu akiwa hatua tatu. Akasimama. Akaja.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Una waya za kubusti?"

Ninazo. Nikasogeza gari mpaka pua kwa pua na lake. Nikazitoa, sikuziachia. Nikamwambia: betri ya pili kwanza ichomoe, na amplifaya. Hapo ndipo nitawasha.

"Mama — mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao."

Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia: Volti. Na kwamba niliandika, wakakata.

"Niliisoma," kasema. "Mpaka chini. Nikashangaa mbona imeishia hewani. Si kawaida yako."

Akaenda.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Yuko kwenye buti lake, anatafuta kitu. Wenzake wamemzunguka. Mmoja mwenye gari jekundu kashachukua waya zake, anamwambia achana na bimkubwa, nakuwashia mimi dakika moja. Anaendelea kutafuta.

Amerudi. Spana namba kumi mkononi. Ameinama dirishani, anaangalia daftari.

"Na hii itatoka gazetini?"

Nimemwambia hapana. Anaitazama kalamu bado inakwenda. Mwenye gari jekundu anapiga honi.

"Basi kama si ya gazeti," anasema, "weka hiyo kalamu, ushuke." Boneti lake liko wazi. Nati ya betri ya pili bado haijaguswa.