Kamba Kwanza, Jembe Baadaye

Mjukuu wangu Chelangat,

Barua yako ilifika, na nyanyako akataka nimsomee mara mbili. Sisi ni wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unasema -3² imekuliza: wewe uliandika tisa, mwalimu anasema ni hasi tisa.

Nikiwa kijana, wakati chai ilikuwa bado ngeni hapa Kericho, mchai mmoja ulioza mizizi. Nyapara akaniambia, "Toa mraba wa tatu kwa tatu, huo mgonjwa uwe katikati." Niliposikia "toa" nikarukia jembe. Niling'oa mitatu kwa mstari, nikaenda kula. Mvua ilipokwisha, ile sita niliyoacha ilikuwa imenyauka, na ugonjwa umeingia kwa majirani zake.

Nyapara hakunifukuza. Alinipa kamba na vigingi, akamwita msichana mmoja aliyekuwa akipalilia ashike ncha ya pili. "Mraba kwanza," akasema. "Kutoa baadaye."

Hiyo mbili ndogo ya juu ndiyo mraba, mama, na imeshika tatu peke yake. Pata tisa kwanza, ndipo utoe: hasi tisa. Kama hasi na tatu zingefungwa pamoja ndani ya mabano, tisa yako ingekuwa sawa.

Usione haya kwa kukosea. Ningepima vizuri siku ile ya kwanza, nisingemjua msichana wa ncha ya pili. Ndiye huyu ananiita sasa, eti chai inapoa.

Babu yako