Maelezo Kuhusu Kamba wa Sendofu ya Roza Luhaga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Winnie Malimi Luhaga
Umri: Miaka 22
Kazi: Kupika vitafunwa na vyakula vya sherehe
Makazi: Nyakato, Mwanza
Tarehe: 18 Agosti 2025, saa 4:10 asubuhi

Naitwa kama ilivyoandikwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sijaitwa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya Jonathan Chenge, muuza samaki wa kugandisha pale Buzuruga, mliyemweka ndani mkisema amemuua dada yangu Roza kwa sumu. Hakumuua. Afande ameniambia nitulie, nianze mwanzo. Basi naanza mwanzo.

Dada Roza alikuwa anaolewa na Jairo Otuoma wa Musoma. Sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, ilikuwa iwe Jumamosi hii inayokuja. Jairo na ndugu zake wametutania tangu siku walipoleta barua ya posa: "Wasukuma mtatulisha nini zaidi ya michembe yenu ya viazi vikavu?" Roza akamjibu, "Ndugu zako watakula kitu ambacho hata jina lake hawalijui." Mimi ndiye mpishi, nikasema tupike kamba wa baharini. Kupika nimejifunza kwenye simu, hakuna aliyenifundisha. Niliangalia video za kamba mpaka bando likakata.

Mnamo tarehe 14 Agosti, siku ya Alhamisi, asubuhi, nilifika dukani kwa Jonathan kununua pakiti moja ya kujaribia. Kamba wake wanatoka Dar kwa basi, kwenye maboksi ya barafu. Afande, andika hili: nilikagua. Nilitikisa pakiti, kamba wakacheza mmoja mmoja kama punje za mahindi. Wangekuwa wameshikana bonge moja, maana yake waliyeyuka njiani wakagandishwa tena, na hao unawaacha hapohapo. Hawakuwa na ukoko mweupe wa barafu wa kukaa sana kwenye friza. Nikamwambia afungue, nikanusa. Harufu ya chumvi tu, hakuna ule ukali wa kuchoma pua kama mkojo. Jonathan akacheka, "Dada, unanunua chakula au unakagua gwaride?"

Halafu akaniuliza, "Nyumbani mmeshawahi kula hawa?" Nikasema bado. Akasema, "Huyu siyo samaki. Kuna watu miili yao inamkataa. Kila mtu aanze na mmoja, asubiri." Alisema hivyo, mimi nikiwa nimesimama mbele yake.

Nyumbani niliwayeyusha ndani ya friji mpaka jioni, sikuwaweka juani. Nikawakaanga kwa kitunguu saumu na ndimu. Jikoni tulikuwa mimi na Roza. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Nikamwambia dada alichosema Jonathan, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimekulia dagaa, sato, furu, mpaka kamongo! Kitu cha majini kinifanye nini?" Na mimi nikacheka. Kwetu ndivyo tunavyojua, mtu wa ziwani hadhuriki na kitu cha majini. Akala mmoja. Hakusubiri, akala na wengine. Akasema, "Tamu, Winnie. Jairo atanikoma!" Mimi nilikula sahani hiyohiyo.

Haukupita muda akaanza kujikuna midomo. Akasema, "Umezidisha pilipili wewe." Sikuweka pilipili. Midomo ikavimba, macho yakavimba, sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mama akaingia mbio anapiga kelele, "Amelishwa sumu! Leteni maziwa!" Jirani yetu mama Faith akaleta jagi zima. Kwetu sumu inakatwa na maziwa, hilo hata mtoto analijua. Tukamnywesha, yakarudi. Tukamnywesha tena. Bajaji ilikuwa imeshafika mlangoni, dereva anapiga honi. Mama akasema, "Ngojeni kwanza yashuke." Hayakushuka. Dada alikata roho kwenye mapaja yangu kabla hatujafika hospitali. Daktari akasema hakuona sumu. Mwili wake ulikataa kamba, koo likafunga.

Kesho yake vijana wa mtaani kwetu walikwenda Buzuruga, wakampiga Jonathan, wakaburuta friza lake mpaka barabarani. Kamba wote wakayeyukia juani. Askari walipofika wakamchukua yeye.

Jana tumemzika dada kule Busisi. Jairo hakutania mtu.

Baada ya mazishi nilimwambia mama kwamba nakuja hapa kusema ukweli. Akaniambia, "Ukimtoa huyo, nani amemuua mwanangu?" Nikamwambia siyo Jonathan.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia. Nimesema niliyoyaona mwenyewe.

Saini ya shahidi: W. M. Luhaga

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Yeremia Masele. Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi, amesaini. Kabla hajaondoka, mama yake mzazi, Bi. Selina Luhaga, alifika kituoni na kuomba naye asomewe. Nilimsomea. Nilipofika kwenye maziwa alininyooshea mkono nisimame. Kisha akasema, "Endelea, baba." Mwisho aliuliza swali moja, hakuniuliza mimi: kama ni kweli Roza alisema ni tamu. Shahidi akajibu, "Alisema, mama."

Bi. Selina aliomba wino, akaweka dole gumba chini ya saini ya binti yake. Yeye hakuwa ametoa maelezo. Sikumzuia.